Matangazo ya Muhula Mzima

Katika shule yetu, kama ilivyo katika shule nyingi za bweni hapa Uganda, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu toka siku ya kufungua muhula hata siku ya kufunga. Kwa hiyo huenda wenzangu wakacheka nikiwaambia kwamba katika muhula wa kwanza wa mwaka 2024 duka la shangazi yangu lilitoa katika simu matangazo zaidi ya thelathini niliyoyaandika mimi, na muda huo wote sikuigusa simu hata mara moja. Sikufanya uganga. Nilitumia daftari la kurasa 96, rula na kalamu mbili. Nataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyokwenda, maana wengi wetu tuna wazazi au jamaa wenye biashara ndogo, na wengi wa hao wamekwisha kujaribu kutangaza kwa simu, wakaanza kwa mbio na kuchoka kabla mwezi haujaandama.

Shangazi yangu, ambaye sisi humwita Senga, ni fundi cherehani mjini Jinja. Mji huo wajua nguo tangu zamani. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha Nyanza Textile kilikuwa kikifuma vitambaa hapo. Senga hushona sare za shule, kanzu na magauni, lakini sifa yake ni gomesi, lile vazi refu la mabega yaliyosimama na vifungo viwili, livaliwalo na akina mama wa Buganda na Busoga katika arusi, katika maziko, na siku ya kwanjula, yaani siku mchumba anapotambulishwa kwa wazee wa binti. Mwezi wa Machi 2020 serikali ilipofunga shule na kuzuia mikusanyiko kwa ajili ya ugonjwa wa korona, arusi zilikoma, na gomesi zikakoma pamoja nazo. Senga alirudisha chumba chake cha barabarani, akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akakaa nyumbani akishona barakoa. Shule zilipofunguliwa tena Januari 2022, alikodi chumba kingine nyuma ya soko, katika kichochoro ambacho mtu hapiti ila awe amepotea au anamkimbia mdai wake. Karo yangu hutoka katika chumba hicho. Mwisho wa mwaka 2023 kodi ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa, na mwenye nyumba alikwisha kumleta mtu mwingine kukitazama chumba.

Msidhani kwamba Senga hakuwa amesikia habari za kutangaza kwa simu. Alikuwako kijana mmoja mjini, ambaye sitamtaja jina, aliyejiita bingwa wa mitandao. Alichukua shilingi 150,000 akaahidi kuleta wateja. Kwa muda wa siku tisa aliweka picha asubuhi, mchana na usiku, na nyingi hazikuwa za nguo za Senga. Alizichukua katika kurasa za watu wengine, mashono ya Lagos na ya Nairobi. Mama mmoja alikuja mbio kutoka Iganga na picha hiyo katika simu yake, akataka ashonewe vile vile. Senga alipomwambia kwamba ile si kazi ya mikono yake, yule mama akaondoka amekasirika, na kwa kweli alikuwa na haki. Siku ya kumi kijana hakuweka kitu, wala siku ya kumi na moja, wala baadaye.

Likizo ya Disemba ilipofika, Senga aliniuliza kama naweza kuifanya kazi hiyo. Nikamjibu kwamba naweza, lakini mwanzoni mwa Februari nitarudi shuleni, na hapo sitakuwa na simu kwa wiki kumi na tatu. Ndipo tukaona kwamba shida yetu si kupata picha nzuri moja. Picha nzuri moja kila mtu huipata. Shida ni wiki ya sita, wakati aliyeanza kazi hayupo, na aliyebaki ana oda tatu mezani na umeme umekatika.

Kwanza tulichagua mahali. Facebook ilikuwa imefungwa nchini tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na ingawa wengi waliingia kwa VPN, Senga hakutaka kujenga duka lake juu ya mlango wa nyuma. Video tuliziacha kwa sababu ya bando. Watu wetu wakumbuka kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa Julai 2018 juu ya kila atumiaye mitandao hiyo. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikaja badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mteja wa Senga huhesabu bando lake kama ahesabuvyo sukari. Basi tukachagua ile sehemu ya WhatsApp iitwayo Status, ambamo picha hukaa saa 24 kisha hutoweka yenyewe. Picha haili bando nyingi, na kila mtu yumo.

Lakini Status ina sharti moja ambalo wengi hawalijui. Kwa kawaida haionekani ila na mtu ambaye wewe umeiandika namba yake katika simu yako, naye ameiandika yako. Senga alikuwa na wateja wa miaka kumi na mitano, na namba zao zilikuwa katika daftari la oda, si katika simu. Wiki mbili nzima za Disemba tulifanya kazi hiyo isiyo na sifa: kunakili namba, kumpigia kila mmoja, kumjulia hali, na kumwomba aiandike namba ya fundi. Wengine walikuwa wamehama. Mmoja alikuwa amekufa, akapokea binti yake, na Senga akakaa na simu ile nusu saa akilia naye. Mtu atakayeniambia kwamba kutangaza kwa simu ni kazi ya kubonyeza vidole, nitamwonyesha daftari lile.

Baada ya hayo likaja swali la kusema nini. Wiki kumi na tatu, mara tatu kwa wiki, ni matangazo thelathini na tisa. (Kwa nini mara tatu? Kwa sababu mwanagenzi wa Senga, binti wa miaka kumi na tisa ambaye ndiye angeyaweka, alisema kwamba kila siku hataweza, na mimi nilimsadiki. Heri ahadi ndogo ya mtu anayejua kazi zake kuliko kubwa ya mgeni.) Nilikaa na karatasi nikajaribu kubuni thelathini na tisa kichwani, nikafika tisa. Kumi na moja, nikihesabu na ile ya kumtakia kila mtu wiki njema, ambayo kijana yule naye alikuwa akiiweka. Senga akanitazama, kisha akasema, “Mwanangu, hebu keti hapo mlangoni siku tatu, usiseme neno. Andika wanachouliza.”

Nikaketi. Watu huuliza mambo yale yale, na kila mmoja hudhani ni yeye wa kwanza. Gomesi inataka mita ngapi? Kwa nini bega la gomesi yangu lililala baada ya kufuliwa? Kitambaa hiki kitachuja rangi? Je, mama mwenye mimba apimwe sasa au akaribie siku? Naweza kuleta gomesi ya marehemu mama ipunguzwe inienee? Kanzu ya mtoto ya Idi, akikua mwakani itateremshwa pindo? Mwisho wa siku ya tatu nilikuwa na maswali ishirini na sita, na jibu la kila moja lilikuwa katika mikono ya Senga. Hatukubuni tena kitu. Tangazo moja lilikuwa picha ya bega lililofumuliwa, likionyesha kitambaa kigumu cha ndani, na maneno haya: “Bega hili lina kitambaa kigumu ndani, kimeshonwa mara mbili. Ndiyo maana halilali likifuliwa. Njoo na mita sita, rudi baada ya siku tano.” Tuliyaandika kwa Luganda, na mengine kwa Kiswahili, kwa kuwa Jinja iko katika njia kuu itokayo Kenya na Senga ana wateja hata Busia.

Mwanagenzi aliogopa. Alisema tukiwaonyesha watu siri ya bega watakwenda kushona wenyewe. Senga alicheka sana. Yeye amelishona bega hilo miaka ishirini, na bado humtoa jasho.

Jambo lililonishinda kidogo mwanzoni, kisha likanifurahisha kuliko yote, ni kalenda. Mimi nilikuwa nikipanga kama mtu anayetazama sikukuu zikija: wiki ya Pasaka niweke nguo ya Pasaka. Senga akaniuliza, “Na nguo hiyo itashonwa lini?” Fundi hahesabu kwenda mbele, huhesabu kurudi nyuma. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Katika Kwaresima arusi za kanisani huwa chache, kisha baada ya Pasaka hufululiza. Gomesi moja yataka siku tano, na fundi mmoja mwenye cherehani moja hawezi kupokea kumi kwa wiki. Mama naye ahitaji muda wa kukusanya fedha na kununua kitambaa. Kwa hiyo tangazo la arusi za Aprili lilipaswa kutoka mwisho wa Februari, watu wakiwa bado wanafunga. Idi ilikuwa Aprili 10. Tukarudi nyuma wiki tano, tukaweka kanzu za watoto mwanzoni mwa Machi, kabla hata mwezi wa Ramadhani haujaandama. Siku ya Wanawake, Machi 8, tuliipa tangazo moja tu, maana Senga aliona kwamba siku hiyo akina mama huvaa walichonacho. Wiki tatu za mwisho zikawa za sare, kwa ajili ya muhula wa pili. Nilipomaliza kuchora ukurasa ule kwa rula, kila wiki na mstari wake, nikaona mwaka mzima wa duka kama mtu aonavyo shamba akiwa juu ya kilima.

Picha zote tulizipiga Jumamosi mbili za Januari. Chumba cha Senga ni cheusi, hivyo tuliitoa meza mlangoni, tukatandika shuka nyeupe, tukapiga kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne na nusu. Baada ya hapo jua huchoma rangi zote zikawa za majivu. Nguo zisizokuwapo tuliziazima kwa wateja walioishi karibu. Nilizipa picha namba, moja hata thelathini na tisa, nikaandika maneno ya kila moja katika simu ya Senga chini ya namba hiyo hiyo, yasizidi mistari mitatu. Katika daftari kulikuwa na safu tano: namba, siku, picha, alama ya kuonyesha kwamba imewekwa, na safu ya mwisho ya maulizo yaliyokuja. Kwa hiyo mwanagenzi hakuhitaji kufikiri siku ya kuweka. Aliangalia siku, akatafuta namba, akaweka, akatia alama, akarudi kwenye cherehani. Haikumchukua dakika tano.

Juu ya nyuso za watu Senga alikuwa mkali. Hakukubali sura ya mteja ionekane bila mwenyewe kutoa ruhusa, na hata aliyeruhusu tulimpiga kuanzia shingoni kwenda chini. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2019 juu ya kulinda habari za mtu, lakini sidhani Senga aliifikiria sheria hiyo, alifikiria majirani. Gomesi ya binti anayefanyiwa kwanjula hakukubali kabisa ionekane kabla ya siku yake. Binti huyo anataka atokee mbele ya wageni kwa mara ya kwanza na vazi lile, na fundi akilionyesha mji mzima Ijumaa, Jumamosi amemwibia. Ingawa hizo ndizo nguo zake nzuri kuliko zote, zilingoja.

Februari nikaja shuleni. Kilichotokea huko nilikipata kwa vipande, Senga alipokuja siku ya kutembelewa na wazazi, amelibeba daftari ndani ya kikapu pamoja na ndizi na karanga. Wiki sita za kwanza zilikuwa na alama zote kumi na nane. Wiki ya saba na ya nane zilikuwa nyeupe. Simu ilianguka juu ya chuma cha pasi, kioo kikavunjika, na fedha za kukitengeneza hazikupatikana upesi. Ilipopona, mwanagenzi alitaka kuweka zote sita kwa siku moja ili kulipa deni. Senga alimkataza. “Uzi ukikatika,” alimwambia, “huifumui nguo yote. Unashika pale ulipokatikia.” Matangazo mawili ya Pasaka yalikuwa yamekwisha pitwa na wakati, akayafuta kwa kalamu. Manne mengine akayasogeza mbele, kila moja likangoja zamu yake, na yaliyobaki mwisho wa muhula yakatumika katika likizo. Yalitoka thelathini na matatu kabla sijarudi nyumbani.

Je, yalileta nini? Nitasema kwa uaminifu, maana watu wa matangazo hupenda kuzidisha. Senga aliandika katika daftari la oda mahali kila mteja alipopata habari. Katika oda thelathini na nne za muhula ule, kumi na nne zilikuwa za wateja wasiokoma kuja, tisa za watu wa sokoni, na kumi na moja zilikuwa na neno “simu”. Nilifurahi nikadhani ni wageni kumi na mmoja. Kumbe wanane kati ya hao walikuwa wateja wa zamani, wa kile chumba cha barabarani. Walipita pale mwaka 2021, wakakuta duka la kuuza vipuri vya pikipiki, wakajua Senga ameacha kazi, au amerudi kijijini, au ugonjwa umemchukua. Mmoja alimwambia wazi, “Niliiona picha ya kwanza nikadhani ni ya zamani. Nikaona ya pili, nikaona ya tatu. Wiki ya nne ndipo nikaamini kwamba uko hai.”

Maneno ya mama huyo nimeyafikiri sana, na ndiyo yanayonifanya niandike. Sisi tulidhani kila picha inatoka kwenda kuuza nguo iliyomo ndani yake. Picha ile ya bega haikuuza bega. Kazi ya picha ilikuwa kuonekana Jumatatu, na Jumatano, na Ijumaa, mpaka mtu aliye mbali ajue kwamba mlango uko wazi na taa inawaka. Na yule kijana wa siku tisa alipoacha ghafula, alisema kinyume chake kwa sauti kubwa kuliko kama asingalianza kabisa.

Kuna upande mmoja ambao daftari halikuuweza. Watu wakiona picha huuliza, na huuliza usiku. “Bei gani?” yaja saa nne, na asipojibiwa hadi kesho mchana, amekwisha kumwuliza fundi mwingine. Aprili tulihamia WhatsApp Business, ambayo ilianza mwaka 2018 na haina malipo. Humo mtu huweza kuandika saa za kazi, kupanga nguo na bei zake, na kutayarisha majibu ya maswali ya kila siku. Imesaidia. Lakini mama akiuliza kama gomesi ya marehemu mama yake yaweza kupunguzwa bila kuharibiwa, jibu lililotayarishwa humuumiza, na hapo ni Senga mwenyewe anayepaswa kuacha cherehani na kujibu.

Kodi ililipwa yote mwishoni mwa Aprili, na yule mtu mwingine hakurudi tena kukitazama chumba. Cherehani ya pili bado haijanunuliwa. Daftari la kwanza limejaa, na Senga amenunua la pili kwa fedha zake bila kuambiwa. Katika ukurasa wa kalenda niliacha wiki mbili tupu, kwa ajili ya vioo vya simu na mambo mengine yasiyotazamiwa. Nilipofungua daftari siku ya kuondoka, nikakuta moja ya wiki hizo amekwisha kuijaza kwa mwandiko wake, na mshale umechorwa kwenda pembeni: “Hapa weka gomesi ya bibi harusi wa Bugembe. Siku yake itakuwa imepita, naye ameruhusu hata uso.”